Sisimizi wa Mlimani na Mama Mkwe Wangu

Nimefuga vitu vingi katika maisha yangu. Kuku, mbuzi, nyuki, bata wa katekista mmoja aliyehama, na kwa wiki mbili nilifuga nungunungu mpaka alipoonyesha tabia yake. Lakini watu wa Rubwera wakitaka kunitambulisha kwa mgeni hawasemi huyu ndiye mwenye mashine ya kukoboa kahawa, wala hawasemi nyumba yake ya bati ilikuwa ya pili hapa kijijini baada ya kanisa. Wanasema: huyu ndiye aliyefuga sisimizi. Halafu wanacheka mpaka mgeni naye anacheka bila kujua anacheka nini. Kwa hiyo nimeamua kuandika mwenyewe. Nikiwaachia wao wataongeza chumvi, na chumvi katika habari hii ilishaongezwa ya kutosha tangu siku yenyewe.

Siku hizo wilaya yetu ya Kyerwa bado ilikuwa sehemu ya Karagwe, na vita vya mpakani vilikuwa vimekwisha miaka michache tu. Sabuni ilikuwa haba, sukari ilikuwa hadithi. Mimi nilikuwa na mke, watoto wawili na wa tatu njiani, baiskeli ya kwanza katika ukoo wetu, na shamba la migomba ambalo hata watu wa Kituntu, wanaojiona ndio waliovumbua mgomba, walikuja kulitazama. Shule nilikomea darasa la nne. Sikufukuzwa. Niliona inatosha.

Ndipo akaja yule mwanamke tuliyemwita Mama Wadudu. Alikuwa mtaalamu, mfupi, mtu wa pwani, ametumwa kuangalia wadudu wanaotoboa mibuni yetu. Kiswahili chake kilikuwa kitamu mpaka unaona haya kufungua mdomo, lakini mimi nilifungua. Nilimzungusha kwenye kahawa yangu siku nzima, na alipouliza juu ya mlima ulio nyuma ya kijiji nikasema njia ya mkato naijua mimi. Wengine wanaijua pia, ila mimi naijua zaidi.

Kule juu, palipo na ukungu na majani mafupi, aligeuza jiwe bapa akapiga magoti. Chini ya jiwe kulikuwa na sisimizi. Mimi nilikuwa nimewaona tangu nachunga mbuzi: weusi, mgongoni wana rangi ya shaba kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, na wakitembea wanainua makalio juu kama watu wanaovuka mto wasitake kulowa. Asubuhi ya baridi wanajivuta polepole. Jua likichoma wanarudi chini ya mawe, hutawaona tena.

Mama Wadudu alikaa pale mpaka magoti yake yakawa ya kijani. Kisha akasema, "Kaka, huyu simjui. Na mimi wadudu nawajua."

Akanieleza. Mdudu asiyekuwamo vitabuni anapopatikana lazima apewe jina, na mara nyingi hupewa jina la mtu aliyemvumbua au aliyemtunza. Lakini hawa wa chini ya jiwe, wasio na mabawa, ni vibarua tu, wanafanana na vibarua wa mahali pengine. Ili watu wa vitabu wakubali, lazima wapatikane wenye mabawa, wake kwa waume, nao hutoka mara moja kwa mwaka mvua zikishaanza. Yeye hawezi kungoja mvua. Na mara mbili alishajaribu kuwachukua wadudu wa baridi kama hawa kwenye chupa, wakafa kwa joto hata gari halijaanza kuteremka kuelekea Bukoba. Alikuwa anatafuta mtu wa huku huku juu wa kumfugia mpaka atakaporudi.

"Ni mimi," nikasema. Alikuwa hajamaliza sentensi.

Ngoja nieleze kwa nini. Jina langu wakati ule lilikuwa limeandikwa mahali pawili tu duniani: katika kitabu cha ubatizo, na katika daftari la ushirika wa kahawa, na huko kwenye ushirika lilikuwa kwa penseli. Watu waliosoma majina yao yamejaa kila mahali, kwenye vyeti, kwenye milango. Mimi nilikuwa nimejijenga kwa mikono yangu na sina mlango hata mmoja wenye jina langu. Sasa nikaliona limeingia kwenye kitabu cha dunia nzima, wazungu wanalisoma, wajapani wanalisoma, wanang'ata ulimi. Nilishuka mlimani nikikanyaga hewa.

Jioni ile nilitangaza kilabuni, kwenye rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Jirani yangu mmoja, mzee mwenye mdomo, akashusha kibuyu.

"Kwa hiyo mdudu atakuwa na jina lako."

"La kwangu."

"Basi ukifa hatutakuomboleza. Tutakukanyaga kila siku."

Walicheka mpaka kibuyu kikamwagika. Na mimi mbele yao wote nikaapa kwamba mwanamke yule akirudi atawakuta sisimizi wangu hai, wana mabawa yao, wamenona kuliko watoto wa mzee yule. Kwa hiyo sikuwa tena na njia ya kurudi nyuma.

Nilichimba siku mbili kumpata malkia. Mnene, mweusi, kama punje ya haragwe la soya. Nilimshusha na watu wake na udongo wake kwenye debe, baiskeli naisukuma kwa mkono, nikikwepa mawe kama nimebeba mgonjwa. Nyumbani nikawahamishia kwenye mtungi wa maji wa mke wangu, nikafunga mdomo wake kwa kitambaa, nikauzungushia jivu chini ili wasitoke, maana hapa kwetu kila mtu anajua sisimizi havuki jivu.

Mke wangu alisimama mlangoni na tumbo lake la miezi saba. "Baba watoto, na sisi tutakunywa kwenye nini?"

Nikamwambia atakuja kujivunia mtungi ule. Akasema yeye angejivunia maji.

Nyumba ya bati ni heshima, lakini saa saba mchana ni tanuri. Siku ya kwanza sisimizi wangu walilala chali, miguu juu. Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nikakumbuka jinsi mtungi unavyopoza maji: nikauvika gunia la kahawa lililolowa, nikauweka chumba cha ndani, kwenye giza, juu ya nyasi tulizotandika sakafuni, na kila asubuhi na kila mchana nikawa nalilowesha gunia lile. Wakafufuka. Hilo hakunifundisha mtaalamu yeyote. Nililitoa kichwani.

Chakula kilinisumbua. Ugali walitazama wakapita. Ndizi za kupika na maharage, chakula cha kila mtu mwenye akili, walifukia kwa udongo kama vile nimewatukana. Walikubali maji ya ndizi mbivu, tone moja moja, na vichwa vya dagaa. Mke wangu akawa anawaambia majirani kwamba nyumbani kwake watu wanakula maharage na wadudu wanakula dagaa. Siku moja nilikosea, nikawapa maji ya ndizi yaliyokwisha kuchachuka. Baada ya muda mfupi walikuwa wanatembea kinyumenyume, na wawili wameshikana shingoni kama watu wanaoagana nje ya kilabu, kila mmoja anataka kumsindikiza mwenzake. Malkia peke yake hakuonja. Nilimheshimu sana siku ile.

Miezi ikaenda. Nikawa nafungua kitambaa kila asubuhi, nawaamkia, nawapa habari za bei ya kahawa. Na siku moja, mawingu ya mvua yameanza kujikusanya upande wa Murongo, nikawaona: wenye mabawa. Walikaa ndani ya mashimo yao, wanono, mabawa yamekunjwa mgongoni, kama maharusi wanaosubiri kutolewa nje. Niliketi sakafuni nikajitamkia jina langu kwa sauti ndogo, mara tatu.

Wiki hiyo hiyo mke wangu akajifungua, na mama yake akaja kutoka Kituntu kumtunza.

Msomaji wa mbali lazima nimweleze jambo hapa. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Mkikutana njiani mmoja anaingia kwenye migomba mpaka mwingine apite. Huketi naye chumba kimoja, humwambii neno moja kwa moja, na jina lake hulitamki kamwe. Hata likiwa pia ni jina la kitu cha nyumbani, unatafuta namna nyingine ya kukitaja. Ndiyo adabu, na mimi adabu ninayo. Alipoingia chumba cha ndani kumlea mwanawe, mimi nilitoka, nikahamia sebuleni. Na mtungi ukabaki ndani.

Sikuwa mjinga. Nilimwita mke wangu mlangoni nikampa ujumbe: mwambie mama huo mtungi uwe unaloweshwa asubuhi na mchana, na kilichomo nakithamini sana. Mke wangu, ambaye alikuwa hajalala siku tatu, aliupeleka ujumbe neno kwa neno. Hakuongeza kitu. Angeongeza neno moja tu, sisimizi, mimi leo ningekuwa kwenye vitabu.

Sasa fikiri kwa kichwa cha mama mkwe. Anaona mtungi umefungwa kitambaa, umefunikwa gunia bichi, umezungushiwa jivu, na mvua ndiyo zinaanza. Hapa kwetu mtungi wa namna hiyo, majira ya namna hiyo, una maana moja: kumbikumbi. Tunafunika kichuguu, tunawaelekeza kwenye chombo, tunawatoa mabawa, tunakaanga. Ni kitoweo cha kumpa mtu unayemheshimu. Na huyu mkwe anasema anakithamini sana, ila haya zimemzuia kusema ni cha nani.

Mvua ilinyesha siku tatu. Ya nne jua likatoka, mchana, ardhi inatoa mvuke. Mimi nilikuwa mbele ya nyumba nafunga mbuzi kwenye pembe ya ukuta. Nikasikia kutoka upande wa nyuma, karibu na jiko, sauti ya ungo: shwa, shwa, shwa. Halafu nikasikia mama mkwe anaimba wimbo wa kanisani, wimbo wa mavuno.

Nikasogea mpaka pembeni ya ukuta. Hatua moja zaidi ningemwona. Nilisimama hapo hapo. Nikamwita mke wangu mara mbili, na kutoka nyuma ya ukuta nikamsikia mama mkwe anamwambia mtoto mchanga, aliyekuwa amelazwa karibu yake kwenye mkeka, kwamba mama yake amelala, na watu wenye adabu hawapigi kelele penye mzazi.

Kumwambia mwenyewe siwezi. Lakini mtu hawezi kukatazwa kuongea na mbuzi wake.

"Wewe mbuzi," nikasema kwa sauti ya kufika jikoni, "kuna wadudu wengine hawaliwi."

Ungo ukanyamaza kidogo. "Mjukuu wangu," mama mkwe akamwambia mtoto, "baba yako anamfundisha mbuzi. Mbuzi hali wadudu, anajua."

"Mbuzi, nasema wale wa mtungini wana mwenyewe."

"Umesikia, mjukuu? Anasema wana mwenyewe. Ananiona haya tu. Mwenyewe ni bibi yako."

Nikapandisha sauti. "Mbuzi, wale wadudu ni wa serikali!"

Ungo ukawekwa chini. Nikadhani nimeshinda. Kisha nikasikia mafuta yanalia kwenye kikaango.

"Serikali, mjukuu wangu, haina meno ya kula kitu kitamu hivi. Niletee chumvi. Aa, bado mdogo. Nitajiletea."

Mbuzi alinitazama kama mtu aliyetajwa katika kesi isiyomhusu.

Nifanye nini? Niliwaza kukohoa. Nilikohoa. Mama mkwe akamwambia mtoto kwamba baba yake ana kifua, apikiwe kitu cha moto. Niliwaza kupiga kelele za moto, lakini moto ulikuwapo kweli, na ndio uliokuwa unanimaliza. Harufu ikanifikia pembeni ya ukuta, na lazima niseme kweli hata kama inaniumiza: harufu ilikuwa nzuri.

Jua likianza kuinama mke wangu akaja na sahani iliyofunikwa kwa jani la mgomba, ameishika kwa mikono miwili kama sadaka. Uso wake alikuwa ameubana asicheke, alikwisha kujua. Akanipa ujumbe. Mama anasema ana wakwe wanne. Wote wanaleta nyama ya kununua. Huyu peke yake ndiye aliyemfugia kitoweo chumbani, akakilowesha kwa mkono wake asubuhi na mchana. Anasema kuanzia leo amemsamehe kwa yule mbuzi wa mahari mwenye jicho moja.

Chakula cha mama mkwe hakikataliwi. Nilifunua jani. Walikuwa wamekauka vizuri, rangi ya shaba imekolea, bila bawa hata moja. Nikala. Nikala jina langu, limekaangwa, limetiwa chumvi. Lina uchachu kama ndimu, na baada ya kumeza unabaki unalitafuta ulimini. Nilipangusa sahani kwa kidole.

Mama Wadudu alirudi siku ya tatu baada ya hapo, gari limejaa tope mpaka kwenye vioo. Nilimkaribisha sebuleni, nikamweka kwenye kiti kizuri, nikaanza kumweleza habari za gunia, dagaa, jivu. Nilieleza sana. Akasikiliza, akasema hongera kaka, kazi nzuri. Kisha akauliza, "Na wenye mabawa?"

Mimi sijawahi kukosa maneno. Nilipokuwa mchanga sikuwahi kulia, nilikuwa najieleza. Siku ile maneno hayakuja. Nilitazama pazia la chumba cha ndani, na pazia likasema.

"Hodi huko sebuleni," mama mkwe akasema. "Kama mgeni anaulizia wale wa mtungini, tumekula."

Mama Wadudu akasimama. "Shikamoo mama," akaliambia pazia. "Mmekula wote?"

"Marahaba, mwanangu. Wale wanono ndio tumekaanga. Wale wembamba hawana nyama, niliwarudisha mtungini wanenepe."

Mama Wadudu alipita pazia kama ameitwa na mkubwa wake. Mimi nikabaki na kiti. Nikasikia kitambaa cha mtungi kinafunguliwa, nikasikia anacheka peke yake: wale wembamba ndio walikuwa waume, na waume ndio waliokuwa adimu. Akaulizia ungo. Mabawa ya wale wanono yalikuwa yamenasa katikati ya mianzi, akayatoa moja moja kwa kibano, akayatia kwenye bahasha. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetumaini, kama labda katika wale wanono kuna hata mmoja aliyesalia.

"Wawili," mama mkwe akasema. "Wako kwenye kibuyu hapa, wazima. Nilitaka kuwapeleka Kituntu niwaonyeshe wale wakwe zangu watatu, wajifunze."

Kutoka hapo walikaa chumbani siku nzima. Niliwasikia kupitia ukuta. Mama mkwe aliwajua wadudu wale tangu msichana. Alijua mlima mwingine juu ya Kituntu wanakotoka kila mwaka, alijua huruka siku ya kwanza ya jua baada ya siku tatu za mvua, mchana, wala si jioni kama kumbikumbi wengine, na alijua kwamba kumbikumbi wa kweli si hawa, ila bibi yake aliwala wote bila kuwabagua. Mimi niliyejua jivu na gunia sikuulizwa kitu. Nilitoka nikakaa na mbuzi.

Mwisho nikasikia Mama Wadudu anamwuliza jina lake kamili. Mama mkwe akaanza kulitaja. Nikaziba masikio kwa vidole viwili, kama adabu inavyotaka, wala sikujiuliza jina lile linaulizwa la nini.

Barua ilifika baada ya misimu miwili ya mvua. Niliifungulia kilabuni, mbele ya watu wote, na yule mzee mwenye mdomo alikuwapo. Nikasoma kwa kidole, neno kwa neno, kwa sauti: mdudu amekubaliwa, ni mgeni kabisa vitabuni, ninashukuriwa kwa utunzaji hodari, na jina lake tangu sasa ni. Hapo kidole kikasimama. Neno la kwanza lilikuwa la lugha ya vitabu. La pili lilikuwa jina la mama mkwe wangu, limewekewa mkia kidogo mwishoni, lakini ukiwa unalijua unalijua.

"Ni nani?" yule mzee akauliza.

Nikafunga mdomo.

"Soma, bwana. Mdudu wako anaitwa nani?"

Nikakunja barua nikaitia mfukoni. Wakadhani nimezidiwa na furaha. Ni mke wangu aliyewasomea kesho yake, na tangu siku hiyo yule mzee kila tukikutana mbele ya watu ananiuliza mdudu wangu anaitwa nani. Miaka yote hii. Kwenye misiba ananiuliza. Na mimi miaka yote hii namjibu kwamba anaitwa yule.

Mama mkwe aliposomewa barua alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamwambia mjukuu wake, yule yule wa mkekani, sasa anatembea na ana meno, aje aniambie hivi: jina wamelipeleka kwake kwa kuwa yeye ndiye aliyejibu maswali, lakini dunia nzima hakuna mwanamume mwingine aliyewalea wale, na mwaka huu mvua zikiisha siku ya tatu nisimsahau mama mkwe wangu.

Sisahau. Kila mwaka napanda mlima na jembe, nashuka nao mtungini, nasukuma baiskeli mpaka Kituntu. Siku hizi ni pikipiki. Nauweka mtungi nyuma ya mgomba wa kwanza, nakohoa, narudi nyuma hatua ishirini, naangalia pembeni. Nasikia anakuja, anafunua gunia, analigusa kuona kama limelowa sawasawa.

Huwa limelowa sawasawa. Hilo kitabuni hawakuliandika.